Wote, Bila Kukosa Hata Mmoja

Shemeji yangu ni mwalimu mkuu, lakini angezaliwa mfanyabiashara angewauzia nyoka viatu. Ni mdogo wake marehemu mke wangu, kwa hiyo mimi nina haki ya kumtania na yeye ana wajibu wa kuvumilia. Na haya yaliyotupata yalianza hivyo hivyo, kama utani, kwenye habari za Ijumaa.

Shule za eneo letu zilikuwa nne. Tatu ziko bondeni, upande wa barabara kuu, na ya nne ilikuwa yetu, huku juu kilimani, ng'ambo ya mto. Kila Ijumaa, kabla watoto hawajaruhusiwa kwenda nyumbani, habari za shule zote nne zilisomwa mstarini. Kila mwalimu mkuu aliandika za kwake katikati ya wiki, zikakusanywa shule kubwa ya bondeni, zikapigwa chapa kwenye karatasi moja, kisha karatasi ile ikapandishwa kwetu. Mwalimu gani kaoa, choo kipi kimekamilika, mbuzi wa nani kala bustani ya darasa la tatu, timu ipi imefungwa na kwa nini refa ndiye mwenye makosa. Sisi wazazi tulijisogeza uani kusikiliza. Habari za kila shule zikiisha, watu walipiga makofi, hata kama ni za wenzenu, ila za kwenu mlipiga mpaka viganja viwashe.

Sasa shida ya shule ndogo ni kwamba haina habari. Wenzetu walikuwa na kwaya, walikuwa na maktaba, walikuwa na mwalimu aliyewahi kupanda ndege. Sisi tulikuwa na vyumba vitatu na kengele. Lakini shemeji hakuwa mtu wa kukubali kushindwa. Bati moja likipigiliwa misumari, Ijumaa tulisikia kwamba ukarabati wa paa umekamilika. Mvua ikinyesha kwenye matuta ya shule, tulisikia kwamba mradi wa umwagiliaji unaendelea vizuri.

"Shemeji," nilimwambia siku moja, "ukifa nitatangaza kwamba umehamia kwenye jengo jipya."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Enzi hizo tulicheka wote.

Mimi ni fundi baiskeli. Karakana yangu ni kibanda cha mabati karibu na lango la shule, na kwa sababu hiyo nilisikia kengele zote, viboko vyote na nyimbo zote bila kutaka. Mjukuu wangu alisoma pale. Mguu wake wa kushoto haukupata nguvu tangu kuzaliwa. Anatembea kwa fimbo, anauvuta mguu ule kama mtu anayevuta mbuzi mkaidi, na haoni haya. Kutoka nyumbani hadi darasani si mbali. Akipumzika mara moja kwenye kreti langu la soda, alifika kabla ya kengele ya pili.

Wenzake walimwita Redio. Walikuwa na sababu. Habari zikisomwa mstarini, yeye anazishika zote kichwani, neno kwa neno. Baadaye anakuja karakanani, anakaa kwenye kreti, anawasomea upya wateja wangu kwa sauti ile ile ya shemeji, pamoja na kile kikohozi chake cha kabla ya jambo kubwa. Mtu kaja kuziba pancha, anaondoka akijua nani kashinda mbio za magunia.

"Haya mke wangu," namwambia, maana ndivyo ninavyomwita, kama babu yeyote, "leo dunia inasemaje?"

"Kaa vizuri kwanza, mume wangu," ananijibu. "Habari hazisikilizwi umeinama."

Mama yake, binti yangu, anafanya kazi kwenye banda la kuchambua mboga kule kwenye barabara kuu. Anatoka kabla jua halijachomoza, anarudi jua limezama. Baba mtu alikwenda kutafuta kazi, na nadhani bado anaitafuta. Kwa hiyo mchana kutwa tulikuwa wawili, mimi na Redio, na shule katikati yetu.

Kisha yakaja mashindano ya michezo bondeni. Shule zote nne, siku nzima. Shemeji akaapa kwamba safari hii watoto wetu wote watakwenda. Redio akasikia neno wote, na ukishamwambia Redio neno, huwezi tena kulirudisha.

Njia ya kwenda bondeni ni ya mawe, inateremka mpaka mtoni. Pale mtoni pana magogo mawili yaliyolazwa sambamba, ndiyo daraja letu. Ukishavuka, unapanda vipande vya mawe kama ngazi aliyoijenga mlevi. Wasichana wakubwa wa madarasa ya juu walimbeba Redio kwa zamu. Mimi niliwafuata hadi mtoni na nyonga yangu mbovu, nikaishia hapo. Nilimwona yule msichana mrefu kuliko wote, binti wa fundi cherehani, akimweka mjukuu wangu mgongoni na kuingia kwenye magogo, mguu mmoja gogo hili, mguu mwingine gogo lile, na maji yanapiga kelele chini. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua walikuwa ng'ambo, na Redio ananipungia fimbo.

Ijumaa iliyofuata shemeji alipanda kwenye jiwe lake la kusomea habari, akakohoa.

"Wanafunzi wetu wote, bila kukosa hata mmoja, walitembea kwa miguu hadi bondeni, wakashiriki mashindano kikamilifu, na wakarudi jua likiwa bado juu, huku wakiimba."

Tulipiga makofi, ndugu zangu. Hatukushinda hata kikombe cha plastiki, lakini kwa maneno yale tulijiona mabingwa. Redio alikuja karakanani ameng'aa uso mzima.

"Umesikia, babu? Wote. Na mimi nimo."

Nilimwambia nimesikia. Ningemwambia nini kingine?

Miezi michache baadaye tuliitwa kwenye mkutano, darasani, wazazi tumekaa kwenye madawati magoti yakigusa videvu. Wakuu wa shule tatu za bondeni walikuwapo, wamevaa makoti. Na alikuwapo afisa elimu, mwanamke kijana, mpole, aliyekuja kwa gari kwa kuzunguka njia ya sokoni na hakuwa amewahi kuuona mto wetu. Alituamkia sote shikamoo, mmoja mmoja. Mtu wa namna hiyo hata kumchukia unashindwa.

Akasema walimu hawatoshi. Akasema shule yenye watoto wachache inakula walimu ambao wenzao wanawakosa. Akasema mwisho wa muhula shule yetu itaunganishwa na ile kubwa ya bondeni. Neno lenyewe ni zuri, kuunganishwa. Unaweza ukadhani ni harusi.

Watu wakaguna. Mama mmoja akauliza kuhusu umbali. Ndipo afisa akatabasamu, akafungua mkoba wake.

"Mimi ni msomaji wenu mkubwa," alisema. "Habari zenu za Ijumaa nazisoma kila wiki, na za shule hii ndizo nazipenda zaidi."

Nilimwona shemeji akivimba kwenye kiti. Masikini, alivimba kweli. Halafu yule afisa akasoma, polepole, na kila aliyekuwamo darasani aliyajua maneno kabla hayajamtoka mdomoni: wote, bila kukosa hata mmoja, hadi bondeni, wakarudi jua likiwa bado juu, huku wakiimba.

"Watoto wanaokwenda na kurudi wakiimba," alisema, "kwa kweli hawashindwi na umbali. Au habari hii si sahihi, mwalimu mkuu?"

Shemeji alitazama viatu vyake. Wale wakuu watatu wenye makoti walimtazama yeye. Na sisi wazazi, tuliopiga makofi mpaka viganja vikawaka, tulitazama ubao.

"Ni sahihi," akasema.

Nyonga yangu iliniuma lakini nilisimama. Nikasema si sahihi. Nikasema mjukuu wangu hakutembea, alibebwa, na bila kubebwa hafiki hata mtoni.  Nikajiona nimeokoa jahazi.

"Alibebwa na nani, mzee wangu?"

"Na wenzake. Wasichana wakubwa."

Uso wa afisa ukayeyuka kwa furaha. "Mnaona?" aliwaambia wale wenye makoti. "Huu ndio upendo tunaouhubiri kila siku. Watoto wenyewe wameshapata njia." Akaandika. Kisha akanigeukia, macho yake yamelowa kidogo, na sidhani alikuwa anaigiza. "Mzee wangu, nakuelewa. Nakuelewa kabisa. Na daraja limo kwenye mipango."

Sijawahi kueleweka maishani mwangu kama nilivyoeleweka siku ile. Mwenyekiti wa wazazi alinielewa. Wakuu wa bondeni walinielewa, mmoja akanishika bega. Nilitoka pale nimeeleweka na kila mtu, na shule inafungwa.

Jioni shemeji alikuja karakanani. Hakukaa. Alisimama akizungusha kanyagio la baiskeli ya mtu.

"Nitasema nini, shemeji?" alisema. "Nikikana hiyo moja, wataniuliza paa. Wataniuliza umwagiliaji."

"Si uwaambie tu."

"Nikiwaambia, watasema shule yenyewe haina kitu, na kufungwa inastahili." Akaacha kanyagio. "Nilitaka tuonekane wakubwa ili wasitufunge. Wallahi hiyo tu ndiyo nia yangu."

 Nilijua anasema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Shemeji alikwenda ofisi ya elimu kujieleza. Mara ya kwanza aliambiwa arudi. Aliporudi akakuta yule afisa mpole amehamishwa, na aliyekuja mahali pake hajapewa hata funguo za kabati.

Mimi nikafanya ninachokijua. Nilikusanya vyuma vya baiskeli zilizokufa, nikapeleka kuchomelewa, nikaunda baiskeli ya magurudumu matatu: mawili nyuma na moja mbele, kiti cha mbao chenye mgongo, na kanyagio la mkono ili mguu usihangaike. Niliipaka rangi ya kijani. Sijisifu, lakini katika maisha yangu sijaunda kitu kizuri kama kile. Redio alizunguka nayo uwanjani kwenye shule iliyokuwa imebaki na wiki chache, watoto wanakimbia nyuma yake wakiomba zamu, naye anawajibu kama waziri kwamba maombi yao yatashughulikiwa.

Kisha niliipeleka mtoni mwenyewe, tupu, asubuhi yeye akiwa darasani. Kwenye mawe ilipigwa na kuyumba, nikasema sawa, nitaweka springi. Nikafika kwenye magogo. Magurudumu ya nyuma yalikuwa mapana kuliko daraja, hilo nililijua tangu nyumbani, kwa hiyo sijui nilikwenda kutazama nini. Nadhani nilitumaini kwamba mto umebadilika. Niliijaribu hata kwa upande, nikaisukuma gurudumu moja likiwa hewani, ikanivuta kidogo nusura twende wote. Nikakaa chini pale ukingoni na baiskeli yangu ya kijani mpaka watu waliokuwa wanapita wakaanza kunipa pole.

Wanaume wa kilimani walikubali tuongeze gogo la tatu. Tulilikata, tukalikokota, tukalilaza. Mvua ya kwanza ikajaza mto, ukalichukua lile jipya ukayaacha yale mawili ya zamani. Watu wakasema tutalaza lingine, na wakasema hivyo kwa sauti ile ya watu wanaokwenda zao.

Na pikipiki je? Pikipiki inazunguka kwa njia ya sokoni, na nauli ya kwenda na kurudi inameza ujira wa siku nzima wa mama yake. Tungekuwa tunampeleka mtoto shule na kumwambia chakula atasoma kwenye vitabu.

Muhula ukafunguliwa. Asubuhi ya kwanza wasichana walikuja kumchukua, watoto wazuri wale, Mungu awabariki. Ila binti wa fundi cherehani alikuwa amemaliza shule, hakuwamo, na waliobaki walikuwa wadogo kwa mwili. Walimbeba wakipumzika kila kona. Walifika bondeni lango limefungwa. Huko wana sheria: anayechelewa anabaki nje mpaka mstari uishe, kisha anafagia uwanja. Walifagia wote, na Redio akapewa kuokota karatasi kwa sababu ya mguu wake. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku iliyofuata mama zao walikuja kwangu, wamejifunga khanga, wanasimama mbali kidogo.

"Baba, usituelewe vibaya," wakasema.

Nikawaambia nimewaelewa. Ilikuwa zamu yangu.

Binti yangu akajaribu mwenyewe. Alimbeba mgongoni gizani, akamwacha kwa mlinzi wa shule, akakimbia bandani. Msimamizi wa banda alimvumilia kuchelewa kwa siku chache, halafu akamwambia achague. Alirudi nyumbani akaniambia hivyo akiwa anamenya viazi, bila kulia, na kisu hakikusimama hata mara moja. Hatukujadili. Kazi ile ndiyo inatulisha watu watatu.

Nikashuka mpaka bondeni kumwona shemeji. Siku hizi ni msaidizi wa mwalimu mkuu kule, ana meza lakini haina droo. Kwa ufundi wake wa kalamu wamempa kazi ya kuziandika habari za Ijumaa za shule zote, ambazo sasa ni tatu. Nilifika nimelowa jasho, nyonga inawaka, maana nimevuka magogo kwa kutambaa kama mtoto mchanga. Alinipa kiti chake akasimama yeye.

"Shemeji, jina lake limo daftarini," aliniambia taratibu. "Nililiandika mwenyewe, la kwanza kabisa. Kwa upande wetu huyu ni mwanafunzi halali."

"Yuko nyumbani, shemeji."

"Najua."

"Anakaa kwenye kreti."

"Najua, shemeji," akasema. "Niambie nifanye nini, nitafanya."

Nilikaa nikifikiri. Nilitaka kweli kumwambia. Nilizungusha kichwani mto, magogo, lango, banda la mboga, na yule afisa mwenye kabati lisilofunguka, na sikupata mahali pa kumshikisha mtu mkono na kusema anza hapa. Nikamwomba maji ya kunywa. Nikanywa, nikarudi kilimani.

Ijumaa hiyo watoto walipanda kutoka bondeni jioni, viatu mkononi. Walipita karakanani kama kawaida yao, wakamzunguka Redio kwenye kreti lake, wakamwambia habari zote zilizosomwa. Walizimwaga ovyo ovyo, huyu anaanza yule anamkatiza, naye anawauliza: alikohoa wapi? Alianza na shule gani? Walipokwenda makwao alibaki ameinamisha kichwa, midomo inacheza, anazipanga.

Nilikuwa na mteja, mgeni anayeuza sufuria kwa baiskeli, tairi lake la nyuma limeisha upepo. Redio akajinyoosha, akaweka fimbo magotini. Akakohoa kile kikohozi.

"Hizi ni habari za shule zetu tatu," alianza. Mgeni akatabasamu, akaegemea nguzo kusikiliza. Kwaya imepata mwalimu mpya. Maktaba imeongezewa rafu. Mbuzi ameonekana tena bustanini na mwenyewe hajulikani. Mgeni akacheka. Redio hakucheka, msoma habari hacheki. Halafu akavuta pumzi.

"Wanafunzi waliohamia kutoka shule ya kilimani, wote, bila kukosa hata mmoja, wamepokelewa vizuri, na wanaendelea na masomo yao kwa bidii."

 Safari hii hakuniambia kwamba na yeye yumo. Alinitazama tu, mgongo umenyooka, mikono juu ya fimbo, na nikaelewa kwamba anangoja. Habari za shule zikiisha, watu hupiga makofi.

Mgeni naye alinitazama, hajui desturi yetu.

Nikaiweka pampu chini, nikafuta mikono kwenye suruali, nikapiga makofi.